Mwalimu Aliyefika Shigatse

Lifti ya jengo letu la Greyville, hapa Durban, ilikufa mwaka niliohamia, na tangu hapo sikumbuki kuiona ikifanya kazi zaidi ya wiki mbili mfululizo. Tulikaa ghorofa ya sita. Maji yalipokatika, na yalikatika mara kwa mara, tuliyateka kwenye bomba la uani na kuyapandisha kwa ndoo. Huko ngazini ndiko nilikomfahamu Mwalimu. Alibeba ndoo moja tu, na kila baada ya hatua kumi aliiweka chini, akasimama, akangoja pumzi yake irudi. Watu walimpita wakinung'unika. Hakujali.

Siku ya kwanza nilidhani anaumwa, nikanyoosha mkono nimpokee.

"Acha, petit," akaniambia. "Miye siko mgonjwa. Kupanda hivi nilijifunza kule Shigatse. Hatua kumi, unasimama. Kule ukipanda na kiburi, mapafu yanakuaibisha."

Nikamuuliza Shigatse iko sehemu gani ya Kongo, maana lafudhi yake ilikuwa ya huko. Akaniangalia kama anavyoangaliwa mwanafunzi ambaye hakufungua daftari mwaka mzima.

"Tibet," akasema. "Mji wa watawa. Bon, tupandishe maji kwanza."

Mimi ni mtu wa Kigoma. Nilikuja Durban kutafuta kazi, nikaipata Jacobs, kwenye kiwanda cha magodoro, kazi ya zamu. Mke wangu, Mama Zawadi, alikuwa akisuka nywele Warwick, karibu na stendi ya taxi, zile daladala za huku. Chumba chetu kilipakana na cha Mwalimu, ukuta ulikuwa mwembamba, na kwa miaka tisa nilisikia kikohozi chake kila alfajiri kabla sijasikia adhana ya simu yangu. Jina lake niliwahi kuliona mara moja kwenye karatasi zake za ukimbizi alipoomba nimsomee tarehe iliyofifia. Lilionekana jina la mtu mwingine. Kila aliyemjua alimwita Mwalimu, hata Wazulu waliofanya kazi kwenye supermarket, ambao hawakujua neno lingine la Kiswahili.

Alikuwa amefundisha jiografia Bukavu, sekondari, kwa miaka mingi. Durban alilinda magari. Alisimama kwenye uwanja wa kuegesha mbele ya ile supermarket, na koti la kung'aa la kijani juu ya shati lenye kola na tai. Tai hakuiacha hata mwezi wa pili, wakati joto la Durban linapokuwa kama kitambaa kilicholowa usoni. Hakuomba kitu kwa dereva. Akipewa alipokea kwa mikono miwili, asipopewa alimtakia dereva safari njema kwa sauti ileile. Lakini hakuvumilia gari lililoegeshwa upande. Nilimwona kwa macho yangu akimwomba mwanamke mmoja mwenye haraka, mwenye gari la bei, arudi nyuma na kuingia upya, kwa kuwa gurudumu moja lilikuwa limekanyaga mstari. Mwanamke alimtazama kwanza, kisha akarudi nyuma.

"Kama mstari iko pale, iko kwa sababu," alisema. Hilo alilisema kuhusu magari, kuhusu ramani, na kuhusu vitenzi vya Kiingereza.

Kiingereza alitufundisha Jumapili mchana, kwenye korido ya ghorofa yetu, sisi tuliokuja watu wazima na ndimi ngumu. Ubao wake ulikuwa kipande cha boksi la friji. Alikuwa mkali kupita kiasi. Kuna baba mmoja wa Uvira alilia darasani, mtu wa miaka hamsini, kwa sababu Mwalimu alimrudisha mara kumi na moja kwenye sentensi moja. Jioni yake nilimkuta Mwalimu mlangoni kwa baba huyo, ameshika mkate, amesimama tu, hajui aanze vipi. Sikumwona akiomba radhi kwa maneno hata siku moja. Alipokukosea, alikuletea mkate.

Na huyu mtu mkali, asiyewavumilia hata wenye afya, ndiye watu waliyemwita wakipata mgonjwa.

Sijui ilianza lini. Nilipofika nilikuta tayari ni desturi. Mtu wetu akilazwa, Mkongo, Mtanzania, Mrundi, na ndugu zake wako kazini au hana ndugu, mtu anapanda ngazi kumgongea Mwalimu. Naye anavua koti la kung'aa, anavaa la suti, anaenda. Manesi wa hospitali walimzoea, wakawa wanampa kiti bila kumuuliza ni nani wa mgonjwa. Hakupeleka matunda. Hakuomba dua, na kuna mchungaji alilalamika juu ya hilo. Hakuwa na maneno matamu. Alikaa, na gazeti kwenye goti ambalo hakulisoma, kutwa nzima, akipoteza siku yake ya kazi, na mgonjwa akifungua macho anamkuta palepale.

Mimi mwenyewe alinikalia. Nilipopasuliwa kidole tumbo, Mama Zawadi alikuwa amesafiri Kigoma kwa mama yake. Nilipozinduka niliona tai. Nikajaribu kumshukuru.

"Usiongee," akasema. "Mgonjwa hana kazi ya kuongea. Lala, miye niko."

Nikalala. Sijawahi kulala vizuri namna ile tangu niingie nchi hii.

Habari za Shigatse alizisimulia vipandevipande, kwenye ngazi, kwenye foleni ya makaratasi, kwenye darasa la Jumapili akichoka na vitenzi. Nchi yake ilikuwa imempeleka China kusoma, akiwa kijana, na likizo moja akapanda hadi Tibet. Basi kutoka Lhasa lilichukua siku nzima, barabara ya mawe, mto upande mmoja na mlima mtupu upande wa pili, mlima usio na mti hata mmoja. Alishuka Shigatse midomo imepasuka, kichwa kinagonga. Alituchorea mji kwenye boksi lake: hapa nyumba ya wageni yenye ua, hapa kilima chenye magofu ya ngome, na hapa, chini ya mlima, monasteri yenyewe, ambayo si jengo moja bali ni mji ndani ya mji, kuta nyeupe, kuta nyekundu, mapaa ya dhahabu juu.

"Unaingia kwenye vichochoro vya mawe," alisema, "na mawe yamelainika kwa miguu ya watu. Miaka mamia ya miguu. Kuko watu wametembea mwezi mzima kufika pale. Wengine wanalala kifudifudi, wanainuka, wanapiga hatua, wanalala tena, hivyohivyo njia yote. Paji la uso limekuwa na sugu."

Ndani, alisema, kulikuwa giza na harufu nzito ya siagi, kwa maana taa za kule zinawashwa kwa siagi badala ya mafuta. Akaingia kwenye nyumba ndefu kwenda juu, akaona goti. Goti la shaba iliyopakwa dhahabu, kubwa kuliko mtu. Akainua macho, akaona mkono. Akainua tena, akapata kifua. Uso ulikuwa juu kabisa, ghorofa kadhaa, na ulikuwa ukitazama chini, kwake.

"Mwalimu, uliabudu sanamu?" aliulizwa Jumapili moja na dada wa kanisa la kilokole.

"Nilishangaa," akajibu. "Kushangaa siyo kuabudu." Akageukia boksi lake. "Lakini iko jirani."

Aliona watawa wakiimba kwa sauti za chini kama mashine. Aliona bibi mmoja mdogo aliyemshika mkono, akaugeuza, akaitazama ngozi yake, akacheka bila meno, akampa kipande cha jibini kigumu kama jiwe. Alizunguka ukuta wa nje pamoja na wazee, mkono wa kulia ukiwa upande wa ukuta kama desturi yao inavyotaka. Halafu alirudi ndani, kwenye goti lile, akaketi sakafuni. Halafu akatoka mlangoni na jua likampiga machoni.

Hapo ndipo alipoishia. Kila mara. Jua linampiga machoni, voilà, turudi kwenye vitenzi. Nimesikia habari hiyo labda mara ishirini na sikuwahi kumuuliza baada ya mlango kulikuwa na nini. Wala sikuwahi kushangaa kwamba mtu asafiri siku zote hizo peke yake. Nilikuwa mtu wa zamu. Nilisikiliza nusu, nusu nimelala.

Mama Zawadi aliugua figo. Alikuwa akijikokota muda mrefu, anasuka amekaa badala ya kusimama, anasema ni miguu tu. Siku alipoanguka Warwick wenzake walimbeba hadi hospitali, na daktari aliniambia mambo ambayo niliyaelewa bila kuhitaji Kiingereza cha Mwalimu. Alilazwa wiki mbili. Mimi nilikaa naye baada ya zamu, Mwalimu alikaa naye siku mbili tatu za mwanzo. Akiwa na nguvu, Mama Zawadi alimsuka nesi mmoja nywele akiwa palepale kitandani, wodi nzima ikitazama.

Kisha akazidiwa. Nesi mkuu akanipigia simu kwamba naruhusiwa kukaa naye saa yoyote, na mimi nikajua maana ya ruhusa ya namna hiyo. Lakini kiwandani nilikuwa nimeshaomba ruhusa mara mbili, na msimamizi alikuwa amenionyesha kwa kidole watu waliokuwa wakisubiri getini. Jioni hiyo nilimkuta Mwalimu ngazini na ndoo yake, ghorofa ya tatu.

"Mwalimu, kesho naomba ukakae na Mama Zawadi. Nina zamu ya asubuhi."

"Hapana," akasema.

Nilidhani hakusikia. "Hali yake si nzuri."

"Najua."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nimechoka. Safari hii kaa mwenyewe."

"Nikikosa kesho wataweka mtu mwingine."

"Wataweka," akasema, akainua ndoo yake, akapanda hatua zake kumi.

Nilibaki pale. Mtu aliyekaa na wageni, na walevi, na watu walioshindwa kumtaja jina, ananikatalia mimi jirani yake wa miaka tisa. Asubuhi nilipanda taxi ya Jacobs. Simu iliachwa kwenye kabati kama sheria ilivyotaka. Nilipoifungua wakati wa chai nilikuta nimepigiwa mara nne, na nilipofika wodini kitanda kilikuwa kimeshatandikwa.

Kwenye mazishi Mwalimu alisimama nyuma kabisa, na tai yake. Watu walipopanga mstari wa kunipa pole, naye alikuja. Sikumpa mkono. Wengi waliona. Mwezi uleule nilihama, nikapata chumba karibu na kiwanda. Kulikuwa na mkate umewekwa mlangoni kwangu siku ninahama. Niliuacha pale.

Kwa miaka miwili nilimsimulia kila aliyenisikiliza kwamba yule mzee ni mnafiki, kwamba anakaa na wagonjwa ili asifiwe. Nilisema mpaka mimi mwenyewe nikachoka kuyasikia. Kazi iliendelea. Magodoro yalipita mbele yangu, mamia kwa mamia, na nilipofika chumbani nilijilaza juu ya moja kama hayo na usingizi haukuja.

Mwaka huu, siku moja ya zamu ya mchana, nilikuwa na shughuli mjini asubuhi, nikaimaliza mapema, na miguu ikanipeleka Greyville. Sina sababu nyingine ya kutoa. Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa amekonda, amekaa juu ya kreti ya soda kwenye kivuli cha ukuta, jambo ambalo zamani asingelifanya kazini. Gari moja lilikuwa limekanyaga mstari karibu yake na hakuliambia kitu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, petit." Akasogeza kreti ya pili kwa mguu.

Nikakaa. Tulitazama magari. Nilikuwa na maneno niliyoyatunza miaka miwili, makali, yamepangwa vizuri, na sasa sikuona pa kuanzia. Yeye akaanza.

"Nilishawahi kukuambia nilipotoka kwenye ule mlango, kule Shigatse, ikawaje?"

"Hapana."

"Sijamwambia mtu." Alisugua magoti yake. "Tulienda wawili. Mtoto wa nyumbani, Bukavu, tulipata ile bourse ya kusoma China pamoja. Asubuhi ile aliamka kichwa kinamuuma, anatapika. Pumzi inalia kama maji kwenye bomba. Nikamwambia turudi chini. Akasema, umekuja mbali, nenda uangalie, saa moja, miye nitalala. Saa moja, petit. Nilikaa mpaka jua likavuka kichwa."

"Kuna kitu kilikuzuia?"

"Hakuna. Ndiyo nakuambia. Hakuna mtu alinishika. Ilikuwa mzuri sana na nilisahau kama kuko mtu ananingoja."

Gari likaingia, akainua mkono kulionyesha nafasi, akaushusha.

"Nilirudi nikakuta mama wa nyumba ya wageni amekaa sakafuni na kichwa cha rafiki yangu kwenye mapaja. Amekwisha kufa. Ule mama anampangusa uso na kitambaa bado, pole pole. Hakujua jina lake. Hakujua hata ni mtu wa nchi gani. Aliniona, akaanza kuongea, anaonyesha na mikono, anataka kunieleza namna ilivyokuwa. Mimi nikatoka nje. Sikutaka kusikia. Kesho yake walituteremsha na lori, na sikumuuliza ule mama kitu, hata jina. Nilifika kwa mama ya rafiki yangu akaniuliza mtoto wangu alisema nini mwisho. Nikamwambia uongo."

Nikasema, "Ndiyo maana ulikuwa unakaa na wagonjwa."

"Ndiyo. Na nikaona nakaa vibaya. Miye nikifika, wenye mgonjwa wanaondoka. Wanasema Mwalimu yuko. Mume anakufa, mke iko sokoni, na mimi ndiye nashika ule mkono. Nilikuwa nawapa watu ruhusa ya kwenda, unaelewa? Siku ile kwenye ngazi, niliona uso wako umepumzika hata kabla hujamaliza kuniomba. Nikasema huyu hapana. Huyu sitamsaidia kwenda."

"Ungeniambia."

"Nilikuambia. Kaa mwenyewe."

"Ungeniambia vizuri, Mwalimu."

Aliweka mikono katikati ya magoti.

"Ndiyo," akasema. "Ningekuambia vizuri. Mkate hautoshi."

Na mimi nikatoa lile ambalo sikuwahi kumwambia mtu: kwamba asubuhi ile, ndani ya taxi, nilihisi nafuu. Kwamba nilikuwa nimechoka na harufu ya wodi, nimechoka kumwona akitafuta hewa, na kwamba kiwanda kiliniita nikaitika haraka kuliko ilivyolazimu. Kazi nyingine ningeipata. Nilijua hata siku ile kwamba ningeipata.

Hakuniambia pole. Aliuliza, "Nani alikuwa naye?"

"Sijui."

"Hukuuliza?"

"Sikuuliza."

"Wodi bado iko pale?"

"Ipo."

"Basi," akasema, akainuka kwa shida, akaenda kumsaidia mama mmoja na troli yake.

Ilikuwa saa sita kasoro. Taxi ya Jacobs ningeipata pale kwenye kona baada ya roboti, yaani taa za barabarani. Nilifika kwenye kona, nikasimama, zikapita mbili. Ya tatu ilikuwa ya upande wa hospitali, nikaipungia.

Wodini nilijieleza kwa Kiingereza cha korido. Nesi kijana hakujua kitu, akamwita mwenzake mtu mzima. Yule alinitazama, nikamwambia mke wangu alikuwa kitanda cha dirishani, miaka miwili iliyopita, Mtanzania.

"Aliyenisuka," akasema.

Akavuta kiti, akanipa, yeye akabaki amesimama. Akasema kwenye kitanda cha jirani alikuwapo gogo mmoja, ndivyo Wazulu wanavyomwita bibi, mtu wa Umlazi, mgonjwa wa sukari. Asubuhi ile mke wangu alianza kuongea kwa lugha yetu, na gogo akashuka kitandani mwake, akaja kukaa ukingoni mwa kitanda cha mke wangu. Mke wangu alisema neno ambalo nesi alilitamka kwa shida: baridi. Neno hilo hawakulielewa, lakini alitetemeka, basi gogo akavuta blanketi lake mwenyewe akamfunika nalo, akamshika miguu kwa juu ya blanketi, anaisugua. Mke wangu akaendelea kuongea. Kama nusu saa, nesi alisema. Hakuwa akilia. Alikuwa kama mtu anayetoa maelekezo ya nyumba.

"Alikuwa anasema nini?"

"Ningejuaje, bhuti? Gogo naye hakujua. Alikuwa anaitikia tu. Yebo, yebo, ndiyo, ndiyo, kila mkeo akivuta pumzi. Mkeo alipoacha kuongea, gogo ndiye aliyetuita."

"Huyo gogo yuko wapi?"

"Aliruhusiwa. Zaidi ya hapo sijui." Akaniwekea mkono begani, kisha akaitwa, akaenda.

Nilirudi Greyville kwa miguu. Zamu yangu ilikuwa imeshaanza saa mbili zilizopita na simu ilikuwa ikitetemeka mfukoni. Mwalimu alikuwa bado kwenye kreti, tai imelegea, macho amefumba. Nilidhani amelala. Nikakaa kwenye kreti ya pili, akafumbua.

Nikamweleza. Blanketi, miguu, bibi wa Umlazi, namna alivyokuwa akiitikia. Niliongea haraka nimalize kabla sauti haijanikatika, na mwisho ilinikatika hata hivyo. Gari moja likatoka, lingine likaingia, hakulitazama.

Aliniachia nipumue. Kisha akaniambia nianze tena, tangu gogo aliposhuka kitandani, polepole, nisiruke kitu.

Nikaanza tena.